Majina Ambayo Ripoti Yangu Iliyaacha

Akoth mwanangu,

Kabla hujaendelea, nakusihi: barua hii iwe yako peke yako. Usimsomee rafiki mpya wa bwenini hata kama mtakuwa mmelishana kiapo, usiilaze chini ya godoro, na bibi yako akikuuliza niliandika nini, mwambie ni habari za shule. Nina sababu mbili. Kwanza, nilitia sahihi karatasi kwamba mambo ya wagonjwa hayatatoka nje ya kliniki, na ingawa sitataja jina la mgonjwa yeyote humu isipokuwa lako, bado naandika nikiangalia mlango. Pili, ninakiri kosa ambalo hata msimamizi wangu analijua nusu tu. Nusu ya pili utaijua wewe. Ukimaliza kusoma, ichane. Au usiichane, ifiche vizuri. Siwezi kuamua, unanijua.

Umetoka kwenda kunyolewa kama shule ilivyoagiza, na sanduku lako liko hapa mlangoni. Nimelifungua mara tatu kulikagua. Sitaandika habari za dawa, wala maji ya kunywa, wala sweta. Umeishi na selimundu miaka yako yote kumi na tano, na damu yako unaijua kuliko mimi. Nataka kukuandikia jambo jingine, ambalo nililijua nikiwa nimechelewa, na ambalo limenifanya siku hizi, pamoja na hofu zangu zote, nitembee hapa mtaani Migosi kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Unajua kwamba nafanya kazi kwenye chumba cha rekodi, kliniki ya watoto wenye selimundu. Nadhani unaamini kazi yangu ni kupiga chapa majina. Ni kweli kwa sehemu. Lakini ile orodha ya wagonjwa ambayo wauguzi huitumia kwa kila kitu, kuagiza dawa, kupanga safari za kwenda fuoni, kutuma meseji za kukumbusha, niliitengeneza mimi. Nilikuwa nimetoka Bondo na diploma mpya, na kandarasi ya mwaka mmoja mmoja, na nilitaka sana waone kwamba nina akili.

Juu ya ripoti hiyo kuna visanduku vitatu: kijiji, jinsia, mwaka wa kuzaliwa. Vinaitwa vigezo vya hiari, kwa sababu hulazimishwi kuvijaza. Muuguzi akitaka watoto wa Luanda Kotieno peke yao, anachagua Luanda Kotieno. Akitaka watoto wote, anaacha visanduku wazi na ripoti inaleta wote. Hivyo ndivyo nilivyomwahidi kila mtu. Niliijaribu kwa kuacha vyote wazi, ikatoka orodha ndefu, kurasa juu ya kurasa. Urefu wake ulinidanganya. Mtu akiona karatasi nyingi namna ile, hawazi kwamba kuna aliyekosekana. Msimamizi wangu, Bwana Odera, aliibeba kwenye mikutano yake kama mtu aliyebeba cheti cha mwanawe.

Mwaka jana, alikuja mama mmoja kwenye dirisha langu. Nitamwita Nyar Uyoma, binti wa Uyoma, kwa sababu huko ndiko alikozaliwa na jina lake si langu kulitoa. Huuza omena, dagaa wa ziwani, huko Luanda Kotieno. Alikuwa amemshika mtoto wake wa kiume mkono, na hakusalimia.

"Madam, wewe ndiye mwenye kompyuta?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi niulizie hiyo kompyuta. Mimi nimeikosea nini?"

Watu wa foleni wakacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba jirani yake, wanayeanika naye omena kwenye wavu mmoja, hupata meseji kila mwezi: dawa imefika, njooni. Yeye hajawahi kupata hata moja. Huenda kliniki kwa sababu jirani humwambia. Mara hii jirani alikuwa ameenda matangani kwao, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwambia. Mtoto alikuwa amekaa wiki tatu bila dawa.

"Labda ulibadilisha namba," nikamwambia.

"Namba ni ile ile. Hata bwana yangu wa zamani ananipata, na yeye simtaki."

Nikamtafuta mtoto kwa jina. Yupo: namba ya faili, simu ya mama, kila kitu. Nikachapisha orodha ya wote, visanduku vyote vitatu vikiwa wazi. Hayupo. Nikachapisha tena, polepole, kana kwamba nilikuwa nimebonyeza kwa haraka mno. Hayupo. Nikarudi kwenye rekodi yake nikaona kwamba mahali pa kijiji hapakuwa na neno. Nikaigeuza skrini asiione.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, mama. Mtandao unasumbua kidogo."

Akapewa dawa, akaenda zake. Hakuna kitu, nilimwambia. Katika maisha yangu nimesema uongo mwingi mdogo wa woga, lakini huo ndio ninaousikia hadi leo nikiwa nafua nguo.

Wenzangu walipokwenda kula, nilibaki nikaisoma ripoti yangu mwenyewe mstari kwa mstari. Nitakueleza kosa kama nilivyokuja kumweleza Sista Anyango, muuguzi mkuu. Mtu akiacha kisanduku cha kijiji wazi, nilikuwa nimeiagiza kompyuta iweke alama yenye maana ya "kijiji chochote." Niliona hiyo ni akili. Kompyuta ikawa inakwenda kwa kila mtoto na kumuuliza: je, kijiji chako ni kijiji chochote? Wa Bondo anajibu ndiyo. Wa Luanda Kotieno anajibu ndiyo. Mtoto ambaye hakuandikiwa kijiji hana la kujibu. Hasemi ndiyo, hasemi hapana. Na ripoti huwachukua wale tu waliosema ndiyo. Hakuna kengele inayolia, hakuna maandishi mekundu kwenye skrini. Watoto wale waliachwa mwezi baada ya mwezi, na orodha ikaendelea kupendeza.

Nikaiambia kompyuta iniletee wasioandikiwa kijiji peke yao. Wakaja. Walijaza ukurasa mmoja na nusu. Karibu wote walikuwa na mzazi mmoja tu aliyeandikwa, mama. Na kwenye ukurasa wa pili, mstari wa nne, ulikuwepo wewe.

Utauliza nilikosaje kujua. Ni kwa sababu dawa zako nilikuwa nazileta nyumbani mwenyewe ndani ya mkoba. Sikuwahi kungoja meseji. Mwenye chakula jikoni hajui kwamba mlango wa mbele umefungwa.

Sasa nikurudishe nyuma. Ulikuwa na miaka miwili, mimi kumi na tisa, siku nilipokupeleka kuandikishwa. Aliyekuwa akiandikisha ni mama mmoja mpole mwenye miwani, ameshastaafu. Akaniuliza kwa Kijaluo, "Dalau kanye?" Kwenu ni wapi. Unajua watu wetu wanavyolitumia neno hilo. Nyumba unaweza kupanga popote, lakini dala ni boma, mahali palipofunguliwa lango na mwanamume wa ukoo, mahali mtu atakapozikwa. Msichana aliyezaa kabla ya kuolewa hana dala ya kumpa mwanawe. Ningetaja kwa baba yangu, wake za ndugu zangu wangenicheka, maana hapo mimi ni mgeni anayesubiriwa kuondoka. Ningetaja kwa baba yako, ningekuwa nasema uongo mtupu, hakuwahi kutupeleka. Na kutaja chumba cha kupanga Migosi niliona ni kama kusema mtoto wangu ameokotwa.

Nikaangalia sakafu. Nyuma yangu foleni ilikuwa inasikiliza. Yule mama, kwa huruma tu, akaruka mstari ule akasema, "Tutajaza siku ingine."

Siku ingine haikuja. Wala kwa Nyar Uyoma, wala kwa wale wengine. Akina mama wale wote waliwahi kuangalia sakafu ile ile, na aliyekuwa akiandika akawaonea huruma. Kisha miaka ikapita, nikaja mimi na diploma yangu, nikatengeneza ripoti iliyowaadhibu kwa kunyamaza. Pengo la kwanza lilitoka kwa aibu yangu, na la pili kwa ujanja wangu. Kwenye rekodi yako, Akoth, yote mawili yalikuwa kazi ya mkono mmoja.

Nusu ambayo Bwana Odera haijui ni hii: nilikaa siku tisa bila kusema.

Kandarasi yangu ilikuwa mezani kwake ikingoja sahihi. Niliwaza kurekebisha kimya kimya, lakini orodha ingeongezeka ghafla na angeuliza watoto hawa wametoka wapi. Niliwaza kusubiri sahihi kwanza. Niliwaza kwamba huenda nimeelewa vibaya, ingawa nilikuwa nimehakikisha mara nyingi hata macho yakaniuma. Kila asubuhi nilijiambia leo, na kila jioni nikajiambia kesho. Uliniuliza kwa nini sili. Nikakwambia ni meno.

Siku ya saba aliletwa msichana kutoka kwenye ule ukurasa na nusu, mifupa ikimuuma. Mama yake alikuwa anamwambia muuguzi, "Mimi sikujua dawa imefika. Hakuna mtu aliniambia." Chumba cha rekodi kimetengana na wodi kwa ukuta wa mbao. Nilimsikia mtoto akilia. Kilio kile nakijua, nimekibeba mgongoni usiku na mchana kikitoka kinywani mwako. Nilikaa pale nikipanga faili ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Yule msichana alipona na kurudi nyumbani siku ya tatu, nashukuru Mungu, lakini sikuwa mimi niliyemponya.

Siku ya tisa kulikuwa na mkutano wa kuagiza dawa za nusu mwaka. Bwana Odera aliinua orodha yangu juu akasema, "Hii hapa, kamili. Tuagize kulingana na hii."

Ningependa kukwambia kwamba nilisimama kwa ushujaa. Nilisimama kwa sababu kukaa kulikuwa kumenishinda.

"Bwana Odera, si kamili."

"Unasema nini?"

"Kuna watoto ripoti inawaacha."

"Ripoti aliandika nani?"

"Mimi."

"Na nani aliijaribu?"

"Mimi."

"Na sasa nani anasema ina makosa?"

"Ni mimi pia."

Sista Anyango akapiga makofi. "Haki, tumeokoa nauli ya kwenda kortini! Mshtakiwa, shahidi na jaji wote wako kwa kiti moja."

Chumba kizima kikacheka, na kicheko kile ndicho kilichonizuia kuanguka. Bwana Odera hakucheka. Alinyoosha mkono nikampa ule ukurasa na nusu. Akasoma polepole, akageuza, kisha kidole chake kikasimama kwenye mstari wa nne.

"Huyu si msichana wako?"

"Ndiye."

"Na wewe ndiye karani wa rekodi."

"Ndiyo, Bwana Odera."

Akavua miwani. "Mama Akoth, angalau hakuna atakayesema ripoti yako ina upendeleo."

Kisha akaniambia nina mpaka jioni.

Kurekebisha kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kikombe cha chai kupoa. Hilo ndilo liliniuma zaidi. Niliiondoa ile alama ya "kijiji chochote," nikaandika: kama mtumiaji hakuchagua kijiji, usiulize habari za kijiji kabisa, waache wote wapite. Nikafanya vivyo hivyo kwa jinsia na mwaka. Na chini ya kila orodha nikaongeza mstari unaosema ni watoto wangapi hawajaandikiwa kijiji, ili siku muuguzi akichagua kijiji kimoja, ajue kuna wengine ambao hawangeweza kujibu swali lake.

Safari hii sikuuamini urefu wa orodha. Sista Anyango alileta kile kitabu kikubwa cha kuandikishia, tukakaa, yeye akisoma majina, mimi nikiweka alama. Tulipofika jina la mwisho, kitabu na kompyuta vilikuwa sawa sawa, hakuna aliyezidi, hakuna aliyepungua. Nilipiga vigelegele, Akoth. Mimi, ambaye hata kanisani huimba kwa midomo tu. Mlinzi alikuja mbio akidhani kuna nyoka.

Oda ya dawa ilibadilishwa. Meseji zikatoka siku iliyofuata. Na wiki mbili baadaye tulipokwenda Luanda Kotieno kwa kliniki ya ufuoni, mtu wa kwanza kutufikia alikuwa Nyar Uyoma, simu kaiinua juu kama anayeonyesha samaki mkubwa.

"Imeniita! Kompyuta imeniita kwa jina! Someni, someni nyote!"

Jirani yake akamjibu kutoka kwenye wavu wa omena, "Wacha kelele, mimi inaniitanga kila mwezi na sijawahi kusumbua watu."

"Wewe ulizoea! Wacha mwenye hajazoea afurahi!"

Siku hiyo niliona jambo jingine. Tulikuwa tumebeba fomu tujaze yale mapengo, na msaidizi wetu akaanza kuuliza, "Dalau kanye?" Mama wa kwanza akaangalia mchanga. Wa pili akaangalia mchanga. Nikamwambia msaidizi, hebu nipe nafasi. Nikauliza hivi: "Mama, unalala wapi siku hizi? Na tukikutafuta, tuulize nani?"

Ungewasikia!

"Nyuma ya ghala la barafu. Uliza Mama Atoti."

"Mimi niko ile nyumba ya bati nyekundu. Uliza tu yule mama wa kelele."

"Kelele gani, mama?"

"Wewe uliza. Utaisikia mwenyewe."

Kabla ya saa sita tulikuwa tumejaza yote ya ufuo ule. Kila mtoto alikuwa na mahali. Swali la zamani lilikuwa linawapima akina mama wale kama wanastahili, ilhali kliniki ilihitaji tu kujua pa kuwapata. Fomu yetu sasa inauliza hivyo, kwa maneno hayo hayo. Bwana Odera alitia sahihi kandarasi yangu, na mara hii ni ya miaka miwili. Alisema karani anayejishtaki mwenyewe ni vigumu kumpata. Nilimshukuru, nikaenda chooni nikalia. Zile siku tisa sijamwambia. Labda nitamwambia. Nimekuandikia wewe kwanza ili nione kama maneno yanaweza kutoka.

Sikuambii usikosee. Utakosea, na wewe ni mwerevu kuliko mimi, kwa hiyo makosa yako yatapendeza machoni na yatachukua muda kugunduliwa. Ninachojua ni kwamba kosa langu lilikuwa dogo siku ya kwanza, na nililinenepesha mimi mwenyewe kwa siku nane zilizofuata. Najua pia kwamba huko uendako watakuuliza kwenu ni wapi, wengine kwa wema, wengine kwa kuchokoza. Nimekuwa nikikutetea dhidi ya swali hilo kwa kulinyamazia, na sasa naona nilikuwa nakuacha bila jibu. Ukiona msichana mwingine ameangalia sakafu, mwulize kwa namna nyingine.

Nimebakiza habari moja, nayo ndiyo iliyonipa nguvu ya kukuachia uende. Wiki iliyopita kliniki iliyo karibu na shule yenu, ng'ambo ya ziwa kule Mbita, iliomba orodha ya watoto watakaohudumiwa huko. Kabla ya kuichapisha nilifungua rekodi yako, ambayo pengo lake nilikuwa bado sijalijaza. Kanuni inasema mzazi lazima aulizwe. Nilikuwa peke yangu ofisini, nikajiuliza kwa sauti, "Mama, unalala wapi siku hizi? Na tukikutafuta, tuulize nani?" Nikajijibu, nikaandika Migosi. Kisha nikaichapisha orodha na kukutafuta kwa kidole, nikakukuta mahali pako, jina kamili, aina ya damu, dawa, kijiji. Sista wa huko ameshathibitisha kwamba ameipokea. Jina lako limevuka ziwa kabla yako, mwanangu. Ukifika hapo mlangoni siku yoyote, ukiwa mzima au ukiwa na maumivu, hawataanza kwa kukuuliza wewe ni nani.

Kwa hiyo hivi ndivyo utakavyonipata, ingawa njia unaijua. Jumamosi mchana wanafunzi huruhusiwa simu ya matroni. Namba yangu unaijua kwa kichwa, na siku hiyo sitaiweka simu mbali na mkono. Siku nyingine, ukiumwa au ukiogopa, usingoje Jumamosi. Mwambie matroni apige, hata nikiwa kazini, hata nikiwa mkutanoni. Shule ikifungwa, panda feri ya asubuhi, kisha gari la Kisumu, ushukie Kondele. Ingia Migosi kwa barabara ya kanisa mpaka lango la kijani la Mama Zuhura, mwenye nyumba wetu. Ni mlango wa tatu kulia. Ukikuta pamefungwa, usiulizie jina langu la kwenye kandarasi, hakuna atakayekuelewa. Ulizia Mama Akoth. Hapa mtaani sina jina jingine.